Siku Niliyofichwa Katikati ya Wanakwaya wa Bugarama

Wapo watu wanaoenda na aibu zao mpaka kaburini, na mimi ningekuwa mmoja wao kama aibu yangu isingetokea mbele ya kigango kizima, Jumapili, nikiwa nimefunikwa kitenge kichwani na kupakatishwa mtoto wa watu. Basi nasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa Deo, maana Deo anaongeza chumvi (anadai eti nilikuwa naimba sauti ya kwanza, uongo mtupu, sikufungua mdomo).

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi wa vita vya ng'ambo ya mpaka. Mimi nilikuwa kijana, fundi wa magari makubwa pale Eldoret, nikasikia kwamba Ngara, huko Tanzania, malori ya misaada yanaharibika kila siku na mafundi wanatafutwa kama dawa. Sasa mimi nikisikia kuna mahali sijafika, miguu huanza kuniwasha. Mke wangu Nafula alikuwa na mimba yetu ya kwanza, na nilishamhamisha Busia, nikamhamisha Kakamega, nikamleta Eldoret, kwa hiyo siku namuaga alinitazama akaniambia, "Mimi si kuku wa mnada, wa kubebwa kila soko. Nenda. Ukipata nyumba yenye mlango na paa, niite. Usipopata kabla hili tumbo halijawa zito, naenda kwa mama, na mtoto utamtafuta huko huko." Nafula hatishi mtu. Akisema, amesema.

Nikapanda basi mpaka Sirari, nikafika Mwanza, nikavuka kwa kivuko, nikaipata Geita, na kutoka Geita nikakaa juu ya lori la unga. Biharamulo tulisimama kungoja magari mengine na askari wa kutusindikiza, kwa sababu ya majambazi wa msituni, na wakati wa kungoja gunia moja likapasuka mgongoni kwangu, nikawa mweupe, halafu safari ilipoanza tena vumbi jekundu likaja likakaa juu ya ule weupe. Lakini niliipenda ile njia, jamani. Kulipokucha ukungu ulikuwa umelala mabondeni na vilima vimetoa vichwa tu, kimoja nyuma ya kingine, na moshi wa majiko unapanda kutoka migombani, nikajisemea kwamba hapa hata nyumba ikikosekana nitalala nje nitazame.

Maneno ya mtu ambaye hajatafuta nyumba. Karakana walinipokea vizuri, msimamizi akaniambia, "Kazi inaanza Jumatatu. Pa kulala jitafutie." Na pale mjini Ngara mashirika yalishachukua kila kitu chenye bati. Mwenye nyumba wa kwanza hakunisalimia, aliniuliza tu, "Shirika gani?" Wa pili alinionyesha banda la kuku lililopigwa chokaa, kuku wenyewe bado wamo, akasema nikitaka watolewe bei itapanda. Wa tatu alitaka dola, tena za miezi sita mbele, na mimi nilikuwa na shilingi za Kenya zilizokunjwa ndani ya soksi.

Ndipo Deo, fundi mwenzangu, mzaliwa wa huko huko, akanipa ushauri ulionimaliza. "Wewe tatizo lako ni hiyo jaketi ya ngozi na hayo mabuti. Ukisimama mlangoni mtu anaona shirika zima limesimama. Nenda Bugarama, vijijini. Vaa zile nguo ulizosafiri nazo, wala usinawe. Wakikuona huna kitu, watakutajia bei ya asiye na kitu."

Nikaona ni akili kubwa. Nikavua jaketi nikamwachia, nikavaa ile suruali ya unga na vumbi, shati akanipa lake la kupangusia oili, na miguuni malapa, moja limefungwa kwa waya. Nikapanda lori la mchanga. Nikashuka njiani nikatembea, na jua la saa nane likanimalizia urembo.

Nyumba ya kwanza niliyoikuta njiani ilikuwa na kijumba kizuri cha uani, cha tope, kimefungwa, na mama mmoja mtu mzima alikuwa anaanua maharage. Huyo ndiye Mama Koleta. "Shikamoo mama." "Marahaba." Akanitazama kuanzia malapa mpaka nywele. "Yoo, mwana wanje," akasema, mwanangu, kwa lugha yao, halafu akarudi kwenye Kiswahili. "Umetoka mbali?"

"Mbali sana, mama."

"Uko peke yako?"

"Mke wangu nimemwacha nyuma. Ana mimba."

Akaziba mdomo kwa mkono. "Mtaonana?"

"Nikipata nyumba, mama."

Kila neno lilikuwa la kweli! Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba sikusema uongo hata mmoja. Aliinuka, akaninawisha mikono kwa maji ya kata kama mtoto, akanipa ugali wa muhogo na maharage, na hakuniuliza swali jingine. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa maswali, unafanya kazi gani, unalipwaje, nina majibu ya kupunguza bei mpaka kwenye vidole. Hayakuja. Baadaye nilijifunza kwamba pale mgeni aliyekuja kwa miguu na vumbi haulizwi habari zake mpaka ale, alale, aamke, na hata akiamka wanangoja aseme mwenyewe, maana kumwuliza ni kumtonesha. Nilipomaliza kula akafungua kile kijumba, cha mwanawe aliyeenda kufanya kazi Kahama, akaniambia nilale.

"Na kodi, mama?"

Alicheka kwa huzuni. "Kodi gani, mwanangu?"

Na mimi, badala ya kufungua mdomo, nikaufunga. Nilifikiri (mjinga mimi) kwamba ushauri wa Deo umefanya kazi kupita kiasi, bei imeshuka mpaka imepotea.

Jumamosi asubuhi nikaamka nikakuta uani wanaume na mafungu ya nyasi, wanapanda paa langu. Jirani mmoja kaleta chungu. Mwingine kaleta mkeka, mwingine jembe lenye mpini mpya, na bibi kizee mmoja, ambaye kwa macho yangu hakuwa na kitu zaidi ya ile kanga yake, akaniletea mbegu za maharage kwenye kibuyu, akanishika mikono yote miwili. Balozi wa nyumba kumi naye akaja, nikajua sasa nitaulizwa. Akalizunguka paa, akalisifia, akaniangalia kama mtu anayetazama mgomba, akasema kwa sauti, "Mimi leo nimekuja kwa habari ya nyasi. Mtu sijamwona."

Hapo ndipo nilipoelewa wamenidhani nani. Wakimbizi walitakiwa wakae makambini, tangazo lilishasomwa kila kijiji, anayempokea mtu kwake bila kuarifu atajibu. Na hawa watu wote, na balozi wao, walikuwa wanajibebesha hatari kwa ajili yangu, mimi fundi mwenye mshahara na jaketi ya ngozi. Jasho likanitoka kuliko jua la jana. Nikamfuata Mama Koleta jikoni niseme. Nikaanza, "Mama, mimi..." akaniwekea mkono begani. "Usiseme kama inauma. Mama yangu alivuka ule mpaka na mimi mgongoni. Najua." Sasa baada ya hapo wewe ungesema nini? Nikarudi kufunga nyasi, nikafunga kwa bidii kama mwendawazimu.

Nikajiambia kesho baada ya ibada nitasema. Kesho yake kanisani katekista, mzee mwembamba mwenye sauti ya kengele, akamaliza masomo akasema, "Kuna ndugu yetu mmoja, jina lake Mungu analijua," na watu wakaanza kupita mbele na vikapu, mihogo, ndizi, kipande cha sabuni, na mtu kaleta kofia ya mtoto, iliyofumwa kwa mkono, ya yule mtoto wangu ambaye hajazaliwa. Nilikuwa natazama chini. Na hapo ndipo tukasikia gari.

Kwa vijiji vile gari la Jumapili halikuwa habari njema, lingeweza kuwa la askari. Kabla sijageuka, mtu kanivuta shati, mwingine kanisukuma, nikajikuta nimeketi katikati ya wanakwaya wanawake, kitenge kimetua kichwani, na mtoto mnene amewekwa mapajani, ananitazama kama aliyenijua tangu siku nyingi. Wanawake wale wakakaza mabega pande zote nikawa sionekani hata na malaika. Na wimbo ukaanza, bila aliyeutoa.

Mlangoni akasimama Deo. Kashika jaketi yangu mkononi.

"Samahani wazee. Namtafuta Mkenya mmoja, fundi. Mrefu, ana pengo hapa mbele. Gari la maji limezima njiani na kambi haina maji."

Katekista akafunga kitabu. "Huyo hayupo hapa."

"Mzee, aliniambia anakuja Bugarama."

"Kijana. Nimesimama mbele ya madhabahu. Nasema hayupo."

Na akaanza kuinua mkono, jamani, anataka kuapa. Mzee wa watu, anataka kumwapia Mungu kwa ajili yangu! Sijui nilipata wapi miguu. Nikasimama vile vile, kitenge kichwani, mtoto kanishika sikio.

"Deo. Nipo."

Deo alinitazama kwanza kama haamini, kisha akapiga magoti, si kwa ibada, kwa kicheko, akaegemea mlango analia machozi. Aliyecheka ni yeye peke yake. Mimi nikaeleza, nikaeleza vibaya, nyumba za mjini, dola, kuku, jaketi, mke, na kila nilipoongeza neno nilizidi kuwa mfupi. Nilipomaliza Mama Koleta akainuka kwenye mkeka.

"Kwa hiyo hukufukuzwa kwenu?"

"Sikufukuzwa, mama."

"Na mkeo hajapotea?"

"Yuko Eldoret kwa dada yake."

"Anakula?"

"Anakula, mama. Sana."

Akainua mikono juu. "Mungu ashukuriwe!" Na akapiga kigelegele, na kwaya nzima ikampokea, na mimi nilitamani wangenipiga makofi badala yake. Walikuwa wamefurahi. Walikuwa wamefurahi kweli kwamba balaa langu halikuwapo. Ndipo katekista akasema, kwa sauti ile ile ya kengele, "Na mimi nimesema uongo madhabahuni kwa ajili ya Mkenya mwenye mshahara," na sasa ndiyo wakacheka, wakacheka mpaka mtoto akaanza kulia nikapokonywa.

Nilikwenda nikatengeneza gari la maji nikiwa na lile shati la oili, na jioni nikarudi Bugarama kurudisha vitu. Nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyevipokea. "Keti kwanza, mkimbizi," ndivyo walivyonipokea, na kikombe cha pombe ya ndizi, na jina likanikaa, Mkimbizi, mpaka watoto wa shule wakawa wananisalimia hivyo, "Shikamoo Mkimbizi!" Yule bibi wa mbegu ndiye aliyekuwa mkali. "Nilikupa kwa kuwa ulikuwa na njaa. Njaa ya nyumba si njaa? Toka hapa, kapande."

Kwa Mama Koleta nilifunga mzigo wangu, nikamwambia naondoka, au kama atakubali nibaki nitamlipa kodi ya mjini. Hapo ndipo nilipomwona amekasirika, mara ile moja tu. "Huko mjini bei imepanda kwa sababu watu wamekufa ng'ambo ya pili. Mimi nyumba hii sikuijenga kwa ajili ya vita. Fungua mzigo. Utalipa anacholipa mwanangu akiwapo." Mwanawe alikuwa akilima naye Jumamosi. Basi nikalima naye Jumamosi, miaka yote ile, na mikono ya fundi haijui jembe, waulize watu wa Bugarama walivyokuwa wanapita njiani wakikohoa kicheko.

Nafula alikuja na tumbo lake, akaukagua mlango, akalikagua paa, akasema, "Hapa sawa." Mtoto wetu wa kwanza alivaa ile kofia, na wa pili naye.

Tangu hapo nimehamia nchi nyingine na nyingine tena, nimegongea milango mingi, na nimejiwekea sheria: siendi kutafuta nyumba kabla sijaoga, nachana nywele, navaa kiatu, na kazi yangu naitaja kabla salamu haijaisha, hata kama bei itapanda mara mbili palepale. Ipande. Kuna bei ndogo ambazo mtu hawezi kuzimudu.

Siku tuliyoondoka, makambi yalikuwa yameshapungua na karakana inafungwa, na lori lilikuwa barabarani na vyombo vyetu. Nafula akachukua ufagio ili tukabidhi nyumba safi, kama wapangaji wanavyofanya. Mama Koleta akaja mbio kutoka shambani na udongo mikononi, akamnyang'anya ule ufagio.

"Anayefagia ni anayehama," akasema. "Ninyi mnasafiri."

Tukatoka. Nafula alilia mpaka Biharamulo, na majivu yetu yakabaki jikoni.