Chai ya Upande wa Pili

Baada ya vurugu za uchaguzi, karakana yetu ya kushona yunifomu hapa Eldoret ilifunguliwa tena, na waliorudi walikuja kila mtu na chupa yake ya chai. Zamani tulikunywa saa nne kutoka birika moja. Sasa hakuna aliyetaka kuigusa. Hakuna aliyesema kwa nini, na sote tulijua.

Mimi nilisimamia upande mmoja wa karakana. Upande wa pili ulikuwa wa mama mmoja, mwenyeji wa huku Uasin Gishu. Mimi si mwenyeji wala si mtu wa kutoka kando ya ziwa, zile pande mbili zilizokuwa zimegombana, kwa hivyo nilidhani mimi ndiye niliyefaa zaidi kuwasimamia. Nikaweka sheria: siasa iachwe getini, na kuchelewa ni kuchelewa, uwe wa kabila lolote. Bado naona haikuwa sheria mbaya. Sijui.

Yeye hakuweka sheria. Alichemsha chai, akajimiminia mbele ya watu wake, akanywa nusu kikombe, ndipo akawapitishia. Kwao maziwa ya mgeni huonjwa kwanza na mwenye nyumba. Mara ya kwanza alikunywa peke yake. Akaendelea tu. Baadaye nikasikia vikombe vikigongana kule, na mtu akimtania mwenzake kwamba anameza chai kama trekta inavyomeza dizeli.

Nilimwonea wivu, wacha niandike hivyo. Nilijiambia anapoteza muda, na kweli mwanzoni upande wangu ulimaliza mashati mengi kuliko wake. Hiyo ni sifa yangu. Sifa yake ni kwamba nguo zake hazikurudishwa na shule. Zangu zilianza kurudi, kola zikiwa zimekaa upande.

Nikajaribu kuiga. Nilileta chai, nikaonja. Watu wangu waliniangalia kama mtu anayejaribu dawa, kisha wakafungua chupa zao.

Halafu mkataji wangu bora, dada wa kutoka ziwa aliyekuwa amelala na watoto wake kwenye hema za wakimbizi, akaja kuomba ahamie kule. Nilimuuliza nimemkosea nini.

"Hujanikosea, bosi. Wewe huna ubaguzi, na huwa nawaambia watu hivyo."

"Basi ni chai?"

"Chai ninayo nyumbani. Kule mtu akiona kitu kimeharibika anasema. Hapa tunaogopa."

"Nimewahi kumgombeza nani?"

"Hakuna. Unanyamaza tu. Majirani zangu walianza hivyo hivyo, bosi, kunyamaza."

Nilimruhusu, roho ikikataa. Kabla hajaondoka nikamuuliza ni kitu gani kimeharibika hapa. Akaelekeza mdomo chini ya meza ya kukatia.

Nilivuta gunia. Lilijaa kola zilizokatwa vibaya zikafichwa. Cherehani zilinyamaza moja moja. Nikauliza, kwa sauti ambayo sikuwa na uhakika nayo, kama kuna mtu wa kunieleza.

"Ni ile kadi yako ya kupimia kola," fundi mmoja mzee alisema mwishowe. "Imepinda tangu tufungue. Tukiifuata, kola inaharibika. Tukikisia kwa macho, zingine zinapona."

Kadi hiyo niliikata mwenyewe. Nilimpa mzee makasi na kipande kipya cha katoni, nikamwomba anitengenezee nyingine. Kule upande wa pili walikuwa wanacheka, na hata wakati huo, nikimshikia mzee katoni isiteleze, nilitamani wanyamaze.