Paa la Kuokwa

Jirani wa chini wa Bi Inshirahi ana vidole vya gundi isiyotoka hata akitawadha, na huongea na gari lake la michezo lisilo na paa kwa sauti ya mtu anayembembeleza mkwe. Wiki ya Idi, Aleksandria nzima ikipeleka biskuti kwenye tanuri la mikate, naye alijipanga foleni na bapa la plastiki angavu kama kioo, lipate joto alipinde liwe paa la gari hilo, la kuvua na kuvaa.

“Injinia, lako la tende au la lozi?” Bi Inshirahi alimchokoza, akihofia biskuti zake zitanuka plastiki.

“Nisitiri, mama. Likiungua sina jingine.”

Akampisha atangulie. Likapinda vizuri ajabu. Sasa hupita nalo adhuhuri, jua likilipenya, jasho tiririri, amefungua mwavuli ndani ya gari.

“Si ulivue tu?”

“Nikilivua, mama, nani atajua lipo?”