Kinyonga Niliyemwonea Huruma

Aibu hii nimeibeba peke yangu vya kutosha, nisaidieni kuicheka. Biashara ya kusafirisha wanyama hai nje ya nchi iliporuhusiwa, Bi Zuhura wa Mbinga mjini alianza kuuza vinyonga ng'ambo, akaniajiri niwatunze. Alinunua taa maalumu yenye miale kama ya jua, ya kuimarisha mifupa yao. "Ikae nje ya tundu, mbali nao," alinionya. "Kinyonga akiungua hakimbii. Anatulia tu."

Baridi ya Juni ilipoingia, nikamwonea huruma dume mkubwa, nikaiingiza taa ndani, karibu na mgongo wake. Akageuka mweusi. Nikadhani bado anasikia baridi, nikaisogeza zaidi.

Mnunuzi alipokuja, nikamtoa dume tunduni, nikajitia bingwa. "Weusi huu ni baridi tu, baba. Akipata jua unaondoka."

Bi Zuhura akamchukua, akamweka juani kwenye mti wa kahawa. Taratibu dume akawa kijani kichwa hadi mkia, isipokuwa mstari mmoja mgongoni. Tukangoja. Haukuondoka.

Bi Zuhura akaugusa kwa ncha ya kidole, ngozi ikabanduka.

"Mwanangu, taa iko wapi?"

"Nje ya tundu, mama."

Wote watatu tukageuka kulitazama tundu. Taa ilikuwa inawaka humo ndani.