Ng'ambo ya Barabara

Miaka mingi nilipiga pasi ng'ambo, kwenye hoteli ya watu, mashuka asubuhi, mashati jioni. Niliporudi, mdogo wangu wa kiume, fundi cherehani, alikuja kunipokea na gari la kuazima. Nikafungua mlango, nikajitupa kitini, kumbe usukani huu hapa kifuani.

"Dada, unaendesha wewe?"

Tukacheka. Sikujua kicheko kile kitanitokea puani.

Kule magari hupita upande mwingine wa barabara. Unatazama kushoto kwanza, ndipo unashuka. Kwetu ni kulia. Jambo dogo, mtoto wa chekechea analijua, na mimi nalijua. Kichwa kinajua, ila shingo haikuambiwa.

Kesho yake nikatoka kwenda dukani kwake. Duka linatazamana na nyumba yake nilikofikia, katikati barabara kuu. Alishaniwekea meza na pasi, nifanye kazi yangu ninayoijua. Nikatazama kushoto, kweupe. Nikashuka. Honi ikanilipukia sikio la kulia, lori likanipita hivi, upepo wake ukanivua mtandio.

"Bibi, umechoka kuishi?" utingo wa lori akanipigia kelele.

Nikarudi ndani, nikafunga mlango, nikakalia ndoo ya mlangoni.

Tangu siku ile sikuvuka. Naoga, navaa, nafika ukingoni, nalisikia lile lori sikioni, narudi. Siku moja nikasema leo natazama kulia tu. Nikatazama. Halafu shaka ikaniingia: hii ndiyo kulia, au ndiyo ile ya kule? Nikautafuta mkono wa kulia, ule wa pasi, uniambie. Ikainuka yote miwili. Nimekaa ng'ambo ya mbali bila kuogopa mtu, nije kushindwa na ng'ambo ya barabara!

Wifi yangu, mke wa huyo mdogo wangu, mdomo wake hauna breki. "Malkia wetu kazoea pasi za hoteli. Zetu zitamchafua mikono."

"Zenu zina kutu," nikamjibu.

Nikamwacha aamini hivyo. Bora niitwe mwenye maringo kuliko mwoga. Maringo unaweza kutembea nayo kifua mbele.

Mdogo wangu si mtu wa maneno mengi. Jioni moja akaniambia, "Dada, sare za shule zimejaa, na pasi imelala. Kama hutaki kazi, sema. Jumatatu namchukua binti wa jirani."

"Nani kasema sitaki?"

"Mbona huji?"

Nikakusanya vyombo vya chakula. Bila ile meza, mimi ni nani humu ndani? Mgeni asiyeondoka.

Jumatatu nikasimama ukingoni, jasho jembamba linanitiririka. Wifi alikuwa kishavuka. Akaniita kutoka kule, "Wifi! Njoo basi, au tukutandikie zulia?"

Watu wakacheka. Binti wa jirani yuko mlangoni mwa duka, anavua viatu aingie. Nikatazama kulia. Nikatazama kushoto. Kulia tena. Magari yakawa yanatoka kila mahali, bado angani tu. Mdomo ukafunguka wenyewe:

"Naogopa!"

Neno hilo sijawahi kulitoa mbele za watu, hata nilipokuwa nazaa. Vicheko vikakatika. Wifi akanitazama, akaingia dukani, akatoka na furushi la sare, akavuka nalo mpaka nilipo.

"Shika upande huu. Zito, siliwezi peke yangu."

"Si umelitoa dukani? Tunalipeleka wapi?"

"Dukani. Wewe shika, maswali baadaye."

Nikashika. Akasimama kuliani kwangu, yanakotoka magari, furushi katikati yetu. Tukashuka. Nilifumba macho, siwezi kusema uongo. Katikati ya barabara nikasikia ananizunguka, anahamia kushoto, maana sasa yanatokea huko. Hakusema neno, yeye ambaye hanyamazi hata usingizini.

Binti wa jirani akatutazama, akavaa viatu vyake. Mimi nikachomeka pasi.

Woga haujaisha. Kila asubuhi nasimama ukingoni, moyo unagonga kama cherehani, napaza sauti, "Wifi, furushi!" Naye anakuja nalo, analalamika njia nzima mgongo unamuuma. Juzi nimelipima kwa mkono. Halikuwa na kitu ndani ila mto wa kulalia.