Tulichokiona Kwenye Ulimi wa Elias

Tulitoka Mpanda kwa sababu ya kidonda kwenye ulimi wa mdogo wangu, Elias. Ni kijana wa miaka ishirini na sita, hajawahi kuvuta sigara wala kunywa pombe, lakini kidonda kilikaa miezi bila kupona. Mtaani kwetu Nsemulwa walisema ametupiwa jini. Hospitalini walikata kinyama wakakipeleka kupimwa; majibu yakaja kansa. "Muwahi Mwanza," daktari alituambia.

Alfajiri basi liliondoka. Mpaka Tabora ni pori tu, na Elias hakula kitu, maana hata chai iliyopoa ilimchoma.

"Dada, wakikata ulimi nitaongeaje?"

Nilimshika mkono mpaka Tabora.

Mwanza tulipokewa na daktari wa maabara, mama mpole aliyekipima upya kile kinyama. Nilipomuuliza nini hasa kimempata mdogo wangu, aliniita kwenye hadubini. Nikainama. Seli za rangi ya zambarau zilisongamana, kubwa kwa ndogo, kama watu wanaokimbia moto.

"Kila seli ina jeni zinazoizuia kuzaana ovyo," alisema. "Kipimo kingine kimeonyesha kwamba kwenye uvimbe huu jeni moja ya hizo imeharibika. Breki zimekatika."

"Jini?"

Akacheka. "Jeni, dada. Ni maagizo yaliyomo ndani ya seli. Hakuna aliyemtupia kitu."

"Mbona havuti sigara?"

"Kwa vijana kama yeye, mara nyingi hata sisi hatujui chanzo. Bado tunatafuta."

Nikajigusa shavu. Miaka yangu yote breki hizo zimekuwa zikifanya kazi mwilini mwangu, nikiwa shambani, nikiwa nimelala, na sikuwahi kujua kama zipo. Nikamshukuru Mungu pale pale.

Walimkata sehemu ya ulimi na tezi za shingoni, kisha akapigwa mionzi. Neno lake la kwanza lililoeleweka lilikuwa, "Njaa." Nililia hadi wodi nzima ikanigeukia.

Tuliporudi Mpanda mvua zilikuwa zimeanza. Nilikuwa nimejifunza kwamba ujana si kinga, na kwamba kidonda cha mdomoni kisichopona hakitaki ushirikina bali kipimo. Lakini aliyefundisha watu ni Elias. Mama mmoja wa kata ya Kawajense alimleta nyumbani kwetu binti yake, aliyejifunika mdomo wenye kidonda kwa khanga, akauliza mganga gani alitusaidia.

Elias akafungua mdomo, akawaonyesha ulimi uliobaki. Kisha akasema taratibu, kila neno kwa kazi:

"Vaeni viatu. Twendeni hospitali."