Bega la Kushoto la Gogo

Wiki mbili zilizopita nilipelekwa kwa nesi wa shule kwa sababu ya kichwa. Nilikuwa nimevumilia siku nne. Kwenye foleni kulikuwa na wasichana wawili wa kidato cha pili, na mmoja akamwambia mwenzake, bila hata kupunguza sauti, "Huyu anakwepa tu hesabu. Angalia vile amejifunga sweta kichwani kama mama wa sokoni." Mimi huwa sijibu, kama unanijua vizuri.

Nesi alinipima presha, akaniuliza kama nakunywa maji na kama naona ubaoni. Halafu akasimama nyuma yangu, akaweka kidole gumba pale shingo inapokutana na bega, upande wa kushoto, akabonyeza. Niliruka.

"Kichwa chako kiko hapa," akasema. "Darasani unakaa wapi?"

Nikamwambia kwenye kona ya kulia, karibu na dirisha.

"Basi siku nzima umegeuza shingo kutafuta ubao. Mwambie mwalimu akuhamishe."

Aliendelea kubonyeza. Hakusugua, alishikilia tu mahali pamoja, mpaka kile kitu kilichokaza kikalegea chenyewe. Na hapo kwenye benchi, katika chumba kinachonuka dawa ya kuoshea sakafu, mimi nikasikia harufu ya mafuta ya kukamia, yale ya njano ya kwenye kopo. Hayakuwepo. Harufu hiyo niliiacha Olenguruone nikiwa darasa la nne.

Nililelewa huko na nyanya yangu. Mama alikuwa akifanya kazi kwa mashamba ya maua Naivasha, na chumba alichokodisha hakikutosha mtoto. Kwetu nyanya ni Gogo, na hivyo ndivyo nitakavyomwita hapa. Alikuwa na shamba dogo la viazi, majani chai mistari michache, na ng'ombe watatu: mweusi, mwekundu, na mmoja wa madoa ambaye alikuwa na tabia mbaya. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, ungesikia ng'ombe akitafuna kabla hujamwona. Kazi yangu ilikuwa kuosha ndoo kwa maji moto, kushika mkia wa yule wa madoa asimchape Gogo usoni, na kuangalia moto usizime. Chai ilikuwa ya maziwa matupu karibu, na viazi vilivyochomwa kwa jivu, na jioni ugali na mursik, maziwa yetu ya mgando, kutoka kwenye kibuyu. Sikumbuki kama nilikuwa na furaha. Nakumbuka nilikuwa na joto.

Gogo alikuwa anakama akiwa amekaa kwenye stuli fupi sana, magoti juu, paji la uso ameliegemeza kwenye ubavu wa ng'ombe. Na muda wote uso ulikuwa umegeuka kushoto, kuelekea geti, kwa sababu mtu wa pikipiki wa kubeba maziwa hakuwa na subira. Ukichelewa anaenda, na maziwa yanabaki.

"Gogo! Bado tu?" angepiga kelele kutoka getini.

"Ngoja! Unafikiri ng'ombe ni mfereji?"

"Huyo wako ni mfereji wa kanisa, unatoa tone moja moja!"

"Na wewe mama yako alikunyonyesha na nini, petroli?"

Walikuwa wakitusiana hivyo kila siku, asubuhi na alasiri, na naamini walipendana.

Alasiri, baada ya pikipiki kuondoka, kichwa cha Gogo kilikuwa kinaanza. Hakikuwa kikali cha kumtoa machozi. Alikuwa anakaa kwenye ile stuli karibu na moto, anafungua kitambaa, anasema, "Kuja. Kimekuja." Mimi nachukua kopo la mafuta ya kukamia, napaka viganja, nasimama nyuma yake. Nilikuwa mfupi, lakini stuli nayo ilikuwa fupi, kwa hivyo tulitoshana. Yeye ndiye alinifundisha. Unaanza chini ya fuvu, kwenye vile vishimo viwili. Unashuka na shingo polepole. Ukifika penye gumu unasimama hapo. "Usisugue kama unaosha sufuria," alisema. "Weka kidole, ngoja. Itachoka, itakuachia." Na kweli, unangoja, unahesabu pumzi zake, halafu pale chini ya kidole jiwe linageuka nyama. Anashusha bega. Anavuta hewa ndefu. Anasema, "Haya, upande mwingine." Upande wa kulia haukuwa na shida yoyote. Kila siku ilikuwa bega la kushoto.

Sasa jambo ambalo sijawahi kuandika ni hili. Nilikuwa mtoto ambaye haongei. Shuleni mwalimu alidhani ni kiburi, halafu akadhani ni masikio. Wageni wakija nilienda kwa kuku. Lakini nikiwa nyuma ya Gogo, yeye akiangalia moto na mimi nikiangalia mvi zake, maneno yalikuwa yanakuja yenyewe. Nilimweleza kila kitu: nani ameiba kifutio, mwalimu alisema nini, nilivyojikojolea kidogo darasani na kumwaga maji ya chupa juu yake nisigunduliwe. Hakuwa anageuka. Alikuwa anasema tu "Mm" na "Halafu?" Kwa siku nzima hiyo ndiyo ilikuwa saa yangu ya kuongea. Kichwa chake kikipona haraka, niliishiwa na saa.

Halafu ikaja mvua ya muhula wa pili. Upande mmoja wa zizi ukawa tope hadi kwenye magoti, tukahamisha hori ya chakula upande ule mwingine, na ng'ombe wakawa wanasimama wakiwa wamegeuka. Gogo akawa anakama akiwa amelipa geti mgongo. Hakuweza kuliona, kwa hivyo alisikiliza tu mlio wa pikipiki. Shingo yake ilikuwa imenyooka.

Siku ya tatu alikaa kwa moto, akafungua kitambaa, akashika shingo, akasema, "Ajabu. Leo hakuna."

Siku ya nne hakuna. Siku ya tano nilimwomba nimkande tu bure. Bega la kushoto lilikuwa laini kama la kulia. Akasinzia kabla sijafika katikati ya habari yangu.

Nilikuwa na miaka tisa, lakini sikuwa mjinga. Nililiona jambo lote: geti, shingo, bega. Ningeweza kumwambia kwa sentensi moja. Badala yake, tope lilipokauka, sikungoja niambiwe. Niliburuta hori peke yangu, nikairudisha mahali pake pa zamani. Gogo alitoka na ndoo akaniona, akanisifu. "Umekuwa mtu mkubwa," alisema. Jioni ya pili kichwa kilirudi, na mimi nikapata mahali pangu pa kuongea.

Kilirudi na nguvu. Mwezi uliofuata alianza kutapika nacho. Siku moja aliangusha ndoo ya asubuhi yote, maziwa yakaingia kwenye viazi, na mtu wa pikipiki hakusema utani wowote. Yeye ndiye alimpigia shangazi simu.

Shangazi anaishi Nakuru mjini na ni mtu wa kupanga mambo. Alikuja na gari la kukodisha, akampeleka Gogo hospitali, akapimwa presha, macho, damu. Vyote vilikuwa sawa. Huko waliambiwa ni misuli ya shingo na mabega imekaza, na kwamba waangalie ni kazi gani inamkazia. Shangazi alirudi na jibu lake tayari: kazi ni ng'ombe. Ng'ombe wauzwe, Gogo aje mjini.

Gogo alikataa. Alikuwa amekaa kwenye kochi, kitambaa mkononi, na kwa mara ya kwanza niliona anaogopa. "Nikitoka hapa nitaamka asubuhi nifanye nini?" aliuliza. "Nihesabu ghorofa?"

"Mama, unatapika. Unataka tukuokote zizini?"

"Kitaisha. Kuna wiki kiliisha. Wakati wa mvua kiliisha kabisa."

Shangazi akanigeukia. Gogo naye akanigeukia. "Wewe unakaa naye. Ni kweli? Wiki hiyo kulikuwa na nini tofauti?"

Nakumbuka kulikuwa na nzi kwenye kifuniko cha sukari. Nilimwangalia yule nzi. Maneno yalikuwa machache tu: wageuzeni ng'ombe. Lakini nikisema, wangeuliza nilijua lini, na nani alirudisha hori.

"Sijui," nikasema.

Ng'ombe waliondoka kabla ya mwezi kuisha. Yule wa madoa alikataa kupanda gari, ikabidi Gogo mwenyewe amwongoze kwa kamba. Mimi nilipelekwa Naivasha kwa mama, ambaye sasa alikuwa na chumba kikubwa kidogo. Na kichwa cha Gogo kiliisha. Shangazi bado anawaambia watu kanisani kwamba ni hewa ya mjini.

Hayo ndiyo yalirudi nikiwa kwenye benchi ya nesi. Kwa hivyo likizo fupi ilipofika nilishukia Nakuru, kwa shangazi, ghorofa ya tatu. Jumamosi alasiri shangazi alienda mazoezi ya kwaya. Gogo alikuwa kwenye kibaraza, kwa kiti cha plastiki, anaangalia geti la ploti. Anajua wapangaji wote kwa saa wanazoingia. Walinzi wanamwogopa.

"Nikukande?" nikamwuliza.

"Sina kichwa siku hizi."

"Hata bure."

Akafungua kitambaa. Nilisimama nyuma yake, na sasa ilibidi niiname. Nilitumia mafuta ya kawaida ya shangazi, yanayonuka waridi. Bega la kushoto lilikuwa laini na limekonda, halina kitu cha kuachia. Nikaweka kidole hata hivyo, nikangoja, na nikamwambia. Hori, geti, nzi, "sijui." Yote. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa, kama mtu anasoma tangazo.

Hakusema "Mm." Hakusema "Halafu?" Chini, gari liliingia, likapigiwa saluti, geti likafungwa.

"Ng'ombe watatu," akasema mwishowe.

"Ndiyo, Gogo."

"Mweusi alikuwa na mimba."

"Ndiyo."

"Mtoto wa miaka tisa amenikaanga." Akacheka kidogo, lakini hakikuwa kicheko cha kusamehe. Kilikuwa cha mtu aliyeonyeshwa alipoibiwa. Halafu akainuka, akashika kiti, akanisukumia. "Kaa."

Nikakaa, uso kwa geti, kichwa changu kikiuma tena. Vidole vyake bado ni vya mtu wa kukama. Vilienda moja kwa moja kwenye bega la kushoto, vikapapasa pale nesi alipobonyeza, vikasimama. Iliuma hadi macho yakatoa maji.

Zizi la Olenguruone halipo tena, shangazi alinieleza. Mbao zilichukuliwa kuni, na aliyekodi shamba amepanda viazi hadi mlangoni. Stuli haijulikani iko wapi. Mtu wa pikipiki siku hizi ana duka. Nilikuwa nikifikiri hayo huku nikingoja Gogo aseme neno, lolote, hata baya.

"Sasa nieleze," akasema nyuma yangu. "Kwanza yule mweusi. Wiki ile ya tope alikuwa anasimama vipi? Polepole, usiruke kitu."

Nikaanza kumweleza. Kichwa changu kilikuwa kimeisha kabla sijafika kwa ng'ombe wa pili, lakini sikumwambia, na yeye hakutoa mkono.