Bomba la Mlangoni Kwangu

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, amekuwa fundi bomba tangu hajaota ndevu. Mabomba ya majitaka ya mtaa wetu, nyumba sitini na mbili, aliyalaza yeye, akiwa msimamizi wa vibarua kumi na wanane, mume wangu akiwa mmoja wao. Mwaka huo naukumbuka vizuri. Nilikuwa na mimba ya mwanangu wa mwisho, na harufu ya lami ya kuzibia maungio ilikuwa inanitapisha.

Watu walimpa jina la Ramani. Ukitaka kuchimba msingi au kupanda mti, unamwita Ramani kwanza. Anakuja na fimbo yake, hana karatasi wala futi, anahesabu hatua kutoka kona ya shule, anasimama: "Hapa usiguse." Hakukosea hata siku moja, naye hakuchoka kutukumbusha. "Bomba hili ni inchi tisa mwanzo mwisho," alipenda kusema. "Litawazika nyote, nalo litabaki."

Kisha yakaja maghorofa. Matatu, kila moja orofa nane, pale palipokuwa na uwanja wa mpira. La kwanza lilijaa watu hata lifti haijaanza kufanya kazi. Hazikupita wiki mbili, bafu langu likaanza kukoroma. Nyumba yangu ndiyo ya mwisho bondeni, kabla bomba letu halijaingia kwenye bomba kuu la barabarani. Asubuhi watu wakioga, maji machafu yalipanda kwenye tundu la bafu langu mpaka kifundo cha mguu, yakasimama, kisha yakashuka polepole. Nilikuwa napiga deki mara tatu kwa siku. Nilipolalamika, mwenyekiti wa mtaa akaja na wanaume wawili, wakachungulia bafuni kwangu kama polisi.

"Mama, hawa wajukuu wako wanatupa matambara humu," akasema, mlango ukiwa wazi, majirani wanasikia.

"Wajukuu wangu wanaishi mbali. Au wanayatupa kwa simu?"

Watu wakacheka, lakini maneno yakanigandia. Nikawa bibi wa matambara. Mimi, ambaye sijawahi kukutwa na sahani chafu! Ramani alikuwepo. Aliliangalia lile tundu, akaondoka bila kuaga.

Ghorofa la pili lilikuwa liunganishwe na bomba letu Jumatatu, kama lile la kwanza. Jumamosi ukaitishwa mkutano darasani, saa nane mchana. Saa sita Ramani akaja kwangu, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuposa.

"Shemeji, usiende mkutanoni."

"Ili wanijadili sipo?"

Akakuna goti. "Kuanzia mlangoni kwako mpaka barabarani, hatua arobaini. Pale ni inchi sita."

Akanieleza. Mabomba ya inchi tisa yaliisha siku ya Alhamisi, na wakubwa walikuwa wanakuja Ijumaa kuzindua mradi. Stoo kulikuwa na ya inchi sita. Akayalaza hayo, akafukia, akajiambia atayabadilisha Jumatatu. Jumatatu akahamishiwa mtaa mwingine. Aliporudi, maji yanapita, akaacha. Miaka thelathini na nane. Na kila fundi anajua kwamba bomba likielekea chini linapanuka, halipungui.

"Nani mwingine anajua?"

"Kaka. Ndiye aliyechimba."

Hilo lilinichoma. Mume wangu nilimzika nikidhani nayajua yake yote, mpaka idadi ya soksi zake.

"Na wewe ulinyamaza wakiniita mchafu."

"Shemeji, mimi nina jina moja tu."

"Na mimi ninayo mangapi?"

Akatoka. Nikavaa viatu, nikaenda mkutanoni.

Injinia wa kampuni ya ujenzi, msichana mwenye kofia ngumu mapajani, alikuwa amebandika ubaoni mchoro wa bomba letu. "Ni inchi tisa mpaka bomba kuu. Maghorofa mawili linayabeba kwa raha," akasema. "Tatizo ni matumizi ya nyumba ile ya mwisho."

Macho yote kwangu.

"Tumalize," mwenyekiti akasema. "Ramani, uliyelaza ni wewe. Thibitisha, tuondoke."

Akabaki amekaa. Nilikuwa nimeshaamua: akisema ni kweli, nasimama mimi, nasema yote, na undugu wetu unaishia palepale. Nilikuwa nimeshaishika meza ninyanyuke.

Akasimama kabla yangu. "Mchoro unadanganya. Na aliyeufanya udanganye ni mimi."

Akasema yote. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti: "Kumbe mzee ulituwekea mrija wa soda!" Wakacheka, kicheko kibaya.

"Mzee, mchoro huu una muhuri," injinia akasema.

"Muhuri ulipigwa Ijumaa, mwanangu. Mimi nilifukia Alhamisi."

"Basi tuchimbe."

Tukateremka wote mpaka kwangu. Ramani akahesabu hatua zake, akachomeka fimbo ardhini. Vibarua wa ghorofa wakachimba mpaka usawa wa kiuno. Hakuna kitu. Wakafika kifuani. Hakuna. "Uzee huu," mwenyekiti akamnong'oneza jirani, nami nikasikia. Ramani asipopatia, ataambiwa amechanganyikiwa, na Jumatatu wanaunganisha.

"Ongezeni," akasema.

Sururu ikalia juu ya kitu kigumu. Injinia akashuka shimoni mwenyewe, akafuta udongo kwa kiganja, akapima, akapima tena. Akapanda na kupiga simu palepale: "Jumatatu hakuna kuunganisha. Mpaka kipande hiki kibadilishwe. Na ghorofa la tatu tulipigie hesabu upya."

"Na sisi tuliokwisha kuhama tulikopanga tukalale wapi?" akauliza mwanamke mwenye funguo za ghorofa la pili mkononi.

Mwenyekiti akanisogelea. "Mama, yameisha."

"Hayajaisha. Uliponisema, mtaa mzima ulisikia. Niombe radhi wasikie."

Akaniomba, kwa sauti.

Kazi ya kubadilisha ilichukua siku tisa. Ramani alikuja kila siku, akasimama kando ya mtaro akiangalia mabomba mapya yakishuka, ingawa hakuna aliyemuuliza neno. Waliokuwa wakimwita zamani walipita wakiangalia upande mwingine. Siku ya tatu nilimpelekea kiti. Sikumsalimu, maana sijamsamehe. Ila jua lilikuwa kali, na miguu yake ni mibovu.